Mazungumzo ya Nyumbani: Siku ya Mwisho Rubondo



Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikikuelezeni katika ukurasa huu habari za safari niliyofanya na jamaa yangu wakati wa likizo ya shule. Mtakumbuka kwamba tuliondoka kwetu Ushetu alfajiri tukiwa watu sita: mimi, mama watoto, mama yangu mzazi na watoto wetu watatu. Tukapita Kahama na Shinyanga mpaka Mwanza, tukazuru kisiwa cha Saanane, ambacho mwaka 1964 kilifanywa bustani ya kwanza ya wanyama katika nchi yetu, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Kisha tukavuka ghuba kwa daraja jipya la Kigongo mpaka Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, tukapita Geita penye machimbo ya dhahabu, na Katoro, na Chato, hata tukafika mwalo wa Kasenda. Hapo tukaliacha gari tukapanda mashua kwenda Rubondo.

Baadhi yenu mmeniandikia kwa upole mkiuliza: Je, si israfu kwa mwalimu mwenye watoto watatu kutumia akiba ya mpunga wa misimu miwili kwa kwenda kutazama viboko na ndege? Swali hilo ni la haki, wala sikulijibu upesi kwa kuwa jibu lenyewe nililipata siku ya mwisho ya safari, na kwa kweli halikuwa jibu nililolitazamia. Basi leo nitakuelezeni habari za siku hiyo, ijapokuwa ndani yake mna jambo la kunifedhehesha mimi mwenyewe. Na mtu akipenda kuwanasihi wenzake, yampasa aanze na aibu ya nyumba yake.

Siku hiyo tuliamka kabla ya alfajiri. Tulikuwa tumelala kisiwani siku tatu, na kwa kuwa hatukufikisha siku nne za ukaazi, tulikuwa bado tukizipunguza sala zetu kama wasafiri. Tukasali Sala ya Alfajiri ufukoni, tumeelekea kaskazini kwa kupindia kidogo mashariki, na mawimbi madogo yakilamba mchanga hatua chache tu mbele yetu. Mama yangu, ambaye katika umri wake wote hakupata kulala mahali pa kuzungukwa na maji, aliketi juu ya msala muda mrefu baada ya sala, akisema kwamba hajapata kusikia kimya chenye sauti nyingi namna ile.

Mpango wetu ulikuwa kuzunguka kwa mashua kando ya kisiwa kwa nusu ya siku, kisha kuvuka kwenda Kasenda na kuanza safari ya kurudi nyumbani. Nahodha alikuwa mzee mwenye maneno machache, na pamoja naye alikuwako kijana askari wa hifadhi, mwenye elimu nzuri ya wanyama na adabu nzuri kwa wakubwa. Kabla ya kuwasha injini, mzee alitugawia jaketi za kujiokolea, kila mtu na lake. Mama yangu alikataa, akasema linambana kifua na kumharibia kanga yake. Mzee akamwambia, "Mama, shikamoo. Mimi nimezaliwa katika maji haya, nami nimelivaa. Hapa mwenye kiburi ni ziwa peke yake." Mama akaitikia, "Marahaba, baba," akalivaa bila ya neno jingine.

Nami nikakumbuka, kama ambavyo kila mtu wa kanda hii hukumbuka akanyagapo chombo, siku ya tarehe 21 Mei 1996 ilipozama MV Bukoba na mamia ya watu ndani yake, na tarehe 20 Septemba 2018 kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Enyi vijana, mkisafiri majini msione haya kuuliza jaketi liko wapi. Kuomba dua ya safari na kuvaa jaketi havigombani hata kidogo.

Basi tukaondoka. Kisiwa cha Rubondo kiko katika pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, nacho ni kirefu, kimevaa msitu tangu mgongoni mpaka miguuni. Hifadhi nzima, pamoja na visiwa vidogo na maji yaliyoizunguka, ina eneo la kilomita za mraba 456. Hakuna mtu aruhusiwaye kuvua samaki humo pasipo idhini, na kwa ajili hiyo sato na sangara huzaliana kwa raha katika ghuba zake, kisha hutoka wakaenea katika maji ya wavuvi. Wavuvi wengine hunung'unika kwa kuzuiwa, lakini nahodha wetu alisema kwa maneno yake machache, "Anayekula mbegu zote, mwakani hulima nini?"

Asubuhi ile Mwenyezi Mungu alitufungulia macho. Tuliwaona viboko wakiwa kundi, masikio na pua tu juu ya maji, wakipumua kwa kishindo hata binti yangu mdogo akanishika mkono kwa nguvu. Tuliwaona mamba wakiota jua juu ya miamba, vinywa wazi, wametulia kama magogo. Tuliona kenge akiogelea, na fisi-maji wawili wakicheza na samaki waliyemkamata, wakimrusha na kumdaka. Katika matete alisimama nzohe, paa wa majini mwenye kwato ndefu zenye kutanuka, ambazo humwezesha kutembea katika tope bila ya kuzama. Akatutazama, akaingia matete taratibu, akatoweka. Juu ya miti mikavu walikaa furukombe wawili, vichwa vyeupe, na mmoja alipoinua kichwa nyuma akalia, mlio wake ulikwenda mbali juu ya maji, na mwenzake akamjibu. Nao minandi na yangeyange walikuwa wengi juu ya kisiwa kidogo cha mawe hata mawe yakawa meupe kwa mavi yao. Mwanangu wa kiume aliandika kila kitu katika daftari lake. Alipofika thelathini na moja akaacha kuhesabu, akatazama tu.

Ilipokaribia saa nne nahodha alizima injini karibu na ufuko uliojaa miti mikubwa. Tukakaa kimya. Mara tukasikia kutoka msituni ukelele, kwanza wa chini chini, kisha ukapanda na kupanda hata ukawa kama ugomvi wa watu wengi, kisha ukakatika ghafula. Watoto wakaruka. Yule askari akasema, "Hao ni sokwe. Wametusikia, nasi tumewasikia. Wao hawataki kuonana nasi, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote nitakayokuonyesheni leo."

Tukamwuliza sababu, naye akatuelezea habari ambayo nataka kila nyumba isomayo ukurasa huu iijue.

Sokwe hawakuwa wenyeji wa Rubondo. Kisiwa hiki kilikuwa na watu, wavuvi na wakulima, ambao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara ili mahali pawe pa wanyama. Nao wametoa sadaka yao, wasisahauliwe. Mwaka 1965 kikafanywa pori la akiba, na mwaka 1977 hifadhi ya taifa. Katika miaka ile ya mwanzo alikuwako Profesa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt katika Ujerumani, mtu aliyeipenda nchi yetu hata baada ya mwanawe Michael kufa humu kwa ajali ya ndege mwaka 1959. Yeye na chama chake walifikiri jambo ambalo wengi waliliona ni la kichaa. Katika bustani za Ulaya walikuwamo sokwe ambao wengi wao walizaliwa katika misitu ya Afrika, wakakamatwa wangali wachanga, wakauzwa ng'ambo. Wengine walikuwa wamekaa kifungoni miezi michache, wengine miaka mingi. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe wasiozidi 17 waliletwa kwa meli, wakafikishwa Rubondo katika masanduku, na milango ya masanduku ikafunguliwa.

"Hawakufundishwa lolote," akasema askari. "Walikuwa wamezoea kuletewa chakula na mtu. Siku za kwanza walikuwa wakirudi kwa watu. Wengine walikuwa wakali kwa sababu hawakuwaogopa wanadamu, na madume wawili walipigwa risasi baada ya kushambulia watu. Lakini waliobaki walijifunza wenyewe tunda gani huliwa na lipi huachwa, na kujenga viota vya kulala juu ya miti. Wakazaa. Leo ni makumi kadhaa. Wajukuu wao hawajapata kuona kizimba, na wakikuona wewe hukimbia. Babu zao walikuwa wakipokea ndizi mkononi."

Akaongeza kwamba si wote walioletwa walipata heri hiyo. Faru weusi nao waliletwa kisiwani, lakini majangili wakawamaliza. Na mwaka 2000 waliachiliwa hapo kasuku wa kijivu walionyang'anywa wafanyabiashara haramu, ndege ambao walikuwa wamesafirishwa kwa siri ili wakauzwe wakae katika tundu za watu.

Ndipo binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka tisa, aliponigeukia akaniuliza kwa sauti iliyosikiwa na mashua nzima: "Baba, na Kadogo je? Yeye tutamfungulia lini?"

Wasomaji wangu, hapa ndipo penye aibu yangu.

Kadogo ni jina ambalo watoto walimpa tumbili wetu. Miaka minne iliyopita mkulima mmoja wa jirani aliwaachia mbwa kundi la tumbili waliokuwa wakila mahindi yake. Mbwa walimwua mama mmoja mwenye mtoto kifuani, na huyo mtoto akachukuliwa hai. Nikamwona akiburutwa na watoto njiani, nikaona huruma, nikamnunua kwa fedha kidogo. Tukamnywesha maziwa kwa kitambaa. Alipokua akaanza kupindua masufuria na kuingia nyumba za watu, basi nikamfunga kamba kiunoni, na ncha ya pili nikaifunga katika mwembe wa uani. Kamba ilikuwa ya urefu wa hatua saba. Tangu siku ile dunia yake ilikuwa hatua saba kila upande. Nasi tulikuwa watu wema machoni petu wenyewe, kwa kuwa tulimwokoa na kifo, na kila siku tulimpa ndizi, mahindi na maji safi. Wageni walipokuja walimcheka na kumsifu, nami nilifurahi kusifiwa.

Mwanangu wa kiume akamjibu nduguye kabla yangu: "Kadogo si mfungwa. Sisi tunamlisha."

Binti akasema, "Na hao sokwe kule Ulaya si walikuwa wakilishwa?"

Hakuna aliyejibu. Mama watoto akatazama maji. Mama yangu akavuta kanga yake usoni, na sikujua kama anaficha cheko au huzuni. Mimi nikasema maneno ambayo wazazi husema wanaposhindwa na haki: "Tutazungumza nyumbani."

Tulirudi kambini tukachukua mizigo, tukasali Adhuhuri na Alasiri pamoja kwa kupunguza, kisha tukaanza kuvuka. Upepo ulikuwa umeanza kuamka, na mashua ikapanda na kushuka. Watoto walikaa wameelekea nyuma, wakikitazama kisiwa kikipungua, kikageuka kutoka kijani kuwa buluu. Yule askari akaja kuketi karibu nami, akaniambia kwa sauti ya chini ili asinivunjie heshima mbele ya jamaa yangu: "Mwalimu, nimesikia. Niwie radhi, lakini nakuomba usimfungue tu ukamwacha aende. Tumbili aliyelelewa na watu hajui adui wala rafiki. Atarudi katika nyumba za watu, na watu watampiga mawe. Na kundi la porini laweza kumkataa au kumwua. Tena usimlete huku kisiwani kwa siri, maana mnyama huweza kuleta maradhi. Mwone afisa wanyamapori wa wilaya yako."

Akaniambia pia, kwa adabu, kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa porini pasipo kibali. Mimi ni mwalimu, wala sikuwa nimepata kuuliza.

Nikatazama maji yale nikakumbuka habari ya sangara, ambaye watu walimtia katika ziwa hili katika miaka ya 1950 kwa nia ya kuongeza chakula na biashara. Biashara ilikuja kweli, lakini furu wengi wa asili, aina kwa aina, wakatoweka. Nikaona kwamba kumchukua kiumbe mahali pake na kumweka mahali pengine, hata kwa nia njema, ni jambo zito kuliko tunavyodhani, na kumrudisha ni zito zaidi.

Usiku huo tulilala Ushirombo katika nyumba ya wageni. Watoto walipokwisha lala, mimi na mama watoto tuliketi nje barazani. Nikamwambia, "Mtoto ametuhukumu." Akasema, "Hakutuhukumu. Ameuliza tu. Waliotuhukumu ni sisi wenyewe, ndiyo maana tulinyamaza."

Tukazungumza juu ya hadithi ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfunga hata akafa. Mimi miaka yote nilikuwa nikiisoma na kujiambia kwamba hainihusu, kwa kuwa yule mwanamke hakumlisha paka wake, nami namlisha tumbili wangu. Mama watoto akanikumbusha kwamba kosa la mwanamke yule limetajwa kwa sehemu mbili: hakumpa chakula, wala hakumwacha aende akajitafutie mwenyewe katika ardhi ya Mungu. Nilikuwa nimeishika sehemu ya kwanza nikaifanya pazia la kuifunika ya pili.

Sipendi mtu anielewe vibaya. Mimi si mufti, wala siwaharimishii watu walichohalalishiwa. Yako pia mapokeo ya yule mtoto mdogo aliyekuwa na kindege, ambaye Mtume wetu (s.a.w.) alimtania na kumliwaza ndege wake alipokufa, na wanavyuoni wametoa humo ruhusa ya kufuga ndege mradi atunzwe vema. Kuku, mbuzi, paka na njiwa wamezoeana na wanadamu tangu zamani. Lakini tumbili ni mnyama wa kundi. Ana mama, ana shangazi, ana lugha ya kuonyana juu ya tai na chui. Kitabu chetu kinatufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu sisi. Nami nilikuwa nimemtoa mmoja katika umma wake, nikampa hatua saba.

Kesho yake jioni tukafika Ushetu. Hapo nilipata mtihani ambao sikuutazamia, maana Kadogo alipotuona aliruka kwa furaha hata kamba ikamwangusha. Akamkumbatia binti yangu shingoni, akamtafuta chawa katika nywele, akalia kwa sauti ile ndogo wanayolia wadogo zao. Nafsi yangu ikaniambia, "Tazama, anakupendeni. Utamtupaje?" Nusura niyaache yote. Lakini nikashuka chini nikamshika kiuno, nikapitisha kidole chini ya kamba. Manyoya yalikuwa yamekwisha pale, na ngozi ilikuwa ngumu kama kisigino cha mtu. Miaka minne nilimwona kila siku, wala sikupata kutia kidole pale.

Siku ya tatu nilikwenda kwa afisa wanyamapori, nikamweleza yote bila ya kuficha. Nilitazamia kukaripiwa, pengine kutozwa faini, na nilistahili. Yeye alinisikiliza, akaandika, akasema heri nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe. Baada ya siku chache akaja na sanduku la mbao lenye matundu. Akatuambia kwamba atampeleka mahali ambapo atachunguzwa afya kwanza, kisha azoeshwe polepole pamoja na tumbili wengine. Nilimwuliza kama ataishi. Hakuniahidi. Alisema, "Aliyekaa na watu miaka minne huwa na kazi ngumu. Tutajaribu." Nikampenda kwa kutonidanganya.

Binti yangu ndiye aliyemtia Kadogo sandukuni, maana hakukubali mkono mwingine. Gari lilipoondoka tulisikia sauti yake mpaka kwenye mnada wa ng'ombe. Siku mbili mtoto hakula vizuri. Usiku wa pili alikuja kitandani kwetu akasema, "Baba, mimi ndiye niliyesema, lakini sikujua kama inauma hivi." Nikamwambia kwamba nami sikujua, na kwamba kutoa haki ya mwingine huuma hivyo mara nyingi, na kuuma kwake si dalili ya kukosea. Sijui kama maneno hayo yalimfaa. Mama yake hakusema kitu, alimvuta tu akamlaza kati yetu.

Sasa nawarudieni mlioniuliza juu ya israfu. Fedha zile ni kweli zilikuwa nyingi kwetu, nasi tutakaa miaka kabla ya kusafiri tena. Kama tungalirudi na picha na daftari la ndege thelathini na mmoja peke yake, pengine ningalikubali lawama yenu. Lakini mtoto wangu alisikia ukelele wa wanyama ambao hakuwaona, akafahamu kwamba kutoonekana kwao ndiyo raha yao. Sikuweza kumfundisha hilo katika ubao wa shule, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nikilijua.

Wala si lazima kwenda Rubondo ili kulijua. Wewe msomaji wangu wa Ushirombo, wa Tabora, wa Tanga, wa Unguja, huenda uani kwako pana kasuku katika tundu asiyeweza kunyosha mbawa zote mbili, au kobe aliyetobolewa gamba akafungwa kamba, au tumbili kama wetu. Huenda ulimchukua kwa huruma, kama mimi. Huruma ilikuwa nzuri siku ile. Jiulize kama bado ni huruma, au imekuwa mazoea tu. Usimfungue kwa papara ukamtupa mautini, bali nenda kwa wenye kazi hiyo, sema kweli, na ukubali watakalosema. Na kama una watoto, waache waone unapokiri kosa lako. Mimi niliogopa kwamba wangu wangenidharau. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa akinitetea mashuani, alikwenda kimya siku ile ile akaifungua ile kamba kwenye mwembe, akaikunja, akaileta mezani kwangu ninaposahihishia daftari za wanafunzi. Bado ipo hapo. Katika shina la mwembe umebaki mkato mviringo, kama pete, ambao mvua haiwezi kuufuta.

Mwezi ujao, inshaallah, nitazungumza nanyi juu ya adabu za kumpokea mgeni asiyetazamiwa, jambo ambalo wengi mmeliomba. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na vizazi vyetu, na atufanye tuwe wachunga wema wa kila tulichowekwa mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.